Wageni Wanane Darini

Saa nane mchana ya mwezi wa pili, chumba chetu cha kulala pale Tabata hakifai kulaza mtu. Kinafaa kubanikia samaki. Feni ninayo, tena inazunguka kwa bidii kama kibarua anayejua msimamizi anamtazama, ila kazi yake kubwa ni kulitoa joto kona ya kabati na kulipeleka kona ya kitanda. Mama watoto amevumilia miaka tisa. Mwaka wa kumi akasema maneno mawili tu, “Mama anakuja,” nami nikaelewa kwamba kiyoyozi kimeshanunuliwa, kilichobaki ni mimi kutoa hela.

Mama mkwe wangu anakaa Lushoto. Kule mwezi wa saba watu wanalala na mablanketi mawili na bado wanalalamika kwamba mlango haukufungwa vizuri. Mtu wa namna hiyo huwezi kumlaza chini ya bati la Dar es Salaam halafu ukategemea kuendelea kuitwa mkwe.

Dukani nikapokewa na kijana mchangamfu. “Shikamoo mzee. Unataka ya bitiyuu ngapi?” Nikamwambia nataka ya kumlaza mama mkwe. Akasema zipo za elfu tisa, elfu kumi na mbili, kumi na nane na ishirini na nne. Nikamuuliza hizo bitiyuu ni nini hasa. “Ndiyo nguvu yake, mzee.” Nguvu si wati? “Wati ni za umeme. Bitiyuu ni za baridi.” Nikashukuru, nikatoka nje kupunga hewa, ambayo nayo ilikuwa imeshachemka.

Basi nikaenda kujisomea mwenyewe. BTU ni kipimo cha joto cha Waingereza, na maana yake ni joto linalotosha kupandisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Ratili! Mara ya mwisho kusikia ratili ikitajwa kwa heshima nilikuwa mtoto Pangani, nimesimama kando ya meza ya babu akiwapimia watu sukari kwa mizani ya shaba. Kumbe haikufa. Imerudi mjini, imevaa plastiki nyeupe, imetundikwa ukutani na ina rimoti. Mwingereza mwenyewe aliyeipa jina keshaihama kwenye bili. Gesi ya kupikia na kupashia nyumba anailipia kwa kilowati-saa. Aliyeshikamana nayo ni Mmarekani, pamoja na sisi, tunaouziwa mashine iliyoundwa China, yenye kipimo cha Uingereza, kwa mazoea ya Marekani, ili Msambaa apate usingizi Tabata.

Kitu cha kwanza kilichonikera ni kwamba wanaandika “BTU 12,000” kwa herufi kubwa kisha wanameza nusu ya sentensi. Ilitakiwa iwe BTU 12,000 kwa saa. Mashine haitengenezi baridi, inabeba joto la ndani na kulimwaga nje, na inabeba kiasi hicho kila saa. Kuacha “kwa saa” ni sawa na kusema gari langu linakwenda kilometa themanini. Themanini kwa saa, kwa siku, au mpaka litakapokufa? Wauzaji hawajali, na wanunuzi tumezoea kubeba namba bila mkia wake.

Halafu ipo lugha ya pili. Mafundi wengine hawataki kabisa habari za BTU. Kwao AC ya 9,000 ni “HP moja”, ya 12,000 ni “moja na nusu”. HP ni nguvu ya farasi. Nikapiga hesabu: farasi mmoja wa kwenye vitabu ni wati 746, yaani kama BTU 2,544 kwa saa. Iweje basi farasi mmoja abebe 9,000? Jibu ni kwamba farasi huyo alihesabiwa kwenye mota ya kukandamiza gesi, si kwenye joto linalotolewa, na mota ya namna hiyo huweza kuhamisha joto mara tatu na zaidi ya umeme inaoula. Sawa, lakini aliyebuni habari ya farasi ni James Watt, akitaka wenye migodi na viwanda waelewe mashine zake za mvuke zinashika nafasi ya wanyama wangapi. Watt akafariki mwaka 1819. Mwaka 1882 wanasayansi wa Uingereza wakapendekezewa jina lake litumike kwa kipimo kipya, ndipo ikazaliwa wati. Kwa hiyo farasi ni wa Watt na wati ni ya Watt, na wafuasi wake wanagombana dukani mbele yangu mimi ambaye punda wa Pangani ndiye farasi wangu wa karibu.

Na bado. Maofisini AC zinahesabiwa kwa tani. Nilidhani ni uzito wa mashine, nikaogopa kwa ajili ya ukuta. Kumbe ni tani ya barafu. Enzi ambazo baridi ilinunuliwa kwa mapande ya barafu, walijiuliza: barafu ya tani moja ikiyeyuka siku nzima, inanyonya joto kiasi gani? Tani yao ni ya Marekani, ratili 2,000, kama kilo 907, si tani yetu ya kilo 1,000. Kila ratili ya barafu ikiyeyuka inanyonya BTU 144. Zidisha upate 288,000, gawanya kwa saa 24, unapata 12,000. Ndiyo hiyo hiyo AC ya kijana wa dukani! Hesabu hii niliipenda, nakiri. Nikawaza wabeba mizigo wa soko la samaki la Feri wanapanda ngazi yangu usiku kucha na kilo 907 za barafu mabegani, wanazipanga pembeni ya kitanda cha mama mkwe, asubuhi wanadeki maji.

Sikatai, sisi wenyewe hatuna mdomo wa kumcheka mtu. Nyumba yangu yote ni mkutano wa mataifa. Kiwanja ni mita ishirini kwa ishirini. Tofali ni la inchi sita, nondo ni ya milimita kumi na mbili. Mbao ni mbili kwa nne, hizo ni inchi, ila urefu wake ni futi kumi na mbili. Bomba la maji ni nusu inchi na maji yanayopita humo yanauzwa kwa lita, yanapopita. Saruji ni kilo hamsini. Bati ni geji, na geji ina kichwa chake: 30 ni jembamba kuliko 28, kwa hiyo ukisikia namba kubwa ujue umepigwa. Tairi la gari langu, upana umeandikwa kwa milimita na shimo kwa inchi, kwenye mpira mmoja, ubavu mmoja. Hatujawahi kudondoka. Tunajenga na nyumba zinasimama, kwa sababu fundi hahamishi kipimo kwenda kipimo kingine. Kila kitu anakiacha katika lugha ya mama yake.

Balaa linaanza pale mtu anapotaka kutafsiri. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nina shemeji, kaka yake mama watoto, anafunga viyoyozi Houston, Texas. Nako kuna joto, na unyevu wake anasema haupishani sana na wa kwetu, tofauti ni kwamba wao wanalipima joto lao. Nilipomweleza habari ya AC akanijibu kwa sauti ya dakika sita, nusu yake salamu. Kiini chake: “Shemeji, usinunue mashine kabla hujajua dari lako linakumwagia kiasi gani. Bati likiwaka mchana, joto linashuka kupitia dari. Pima dari, pima chumba, nipe tofauti.”

Cha kupimia nilikuwa nacho. Tangu enzi za korona ninayo ile bastola ya kupimia joto, ile waliyokuwa wanatuelekezea usoni mlangoni mwa kila ofisi. Saa tisa alasiri nikapanda kitandani, nikalielekezea dari kama jambazi. Dari 42. Nikaelekezea ukuta wa ndani, 32. Tofauti, digrii 10. Hapo nikaona nimsaidie shemeji, maana yeye anaishi na Fahrenheit. Nikaiuliza simu: digrii 10 za Selsiasi ni ngapi za Fahrenheit? Simu ikasema 50. Nikamtumia: “Shemeji, tofauti ni hamsini.”

Akapiga palepale. “Shemeji, watu wazima humo ndani?”

Tofauti ya digrii 10 zetu ni digrii 18 za kwao. Ile 50 ni ya mtu anayeuliza hali ya hewa, maana Fahrenheit haanzi na sifuri pale maji yanapoganda. Anaanza na 32. Ukitafsiri joto unaongeza 32, ukitafsiri tofauti ya joto huongezi kitu. Namba moja, simu moja, majibu mawili, na simu haikuuliza nilitaka lipi. Nikajitetea kwamba hata hao wenye vipimo hawakuwa na msimamo. Anders Celsius mwenyewe, yule wa Sweden, mwaka 1742 alipotoa kipimo chake aliweka sifuri pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda, watu wengine wakaja kukigeuza baadaye. Shemeji akasema Celsius hakuwa na mama mkwe anayekuja Jumamosi.

Akapiga hesabu zake, akanipa jibu: “Dari lako linakumwagia kama BTU 20 kwa saa kwa futi ya mraba.”

Msomaji, isome tena sentensi hiyo taratibu. Ndani yake mna joto, mna wakati na mna eneo. Wataalamu wana jina refu la kitu hiki, ila sisi tukiite mmiminiko wa joto: joto linalopita kila saa kwenye kila kipande cha dari. Kwetu kingepimwa kwa wati kwa mita ya mraba. Nami, baada ya aibu ya 50, niliapa kwamba safari hii natafsiri mwenyewe, bila kusaidiwa na mtoto wala jirani.

Nilianza na programu ya simu. Kuifungua nikakuta orodha ndefu kama ya wachangiaji wa harusi. BTU kwa saa kwa futi ya mraba. BTU kwa sekunde kwa futi ya mraba. BTU kwa saa kwa inchi ya mraba. Kalori kwa sekunde kwa sentimita ya mraba. Kilokalori kwa saa kwa mita ya mraba. Na BTU yenyewe ikawa na mabano mbele yake, maana zipo zaidi ya moja: kuna ya juli 1,055.06 na kuna ya juli 1,054.35, kutegemea maji yalipashwa na nani. Kidole changu ni kinene. Nikabonyeza ya sekunde badala ya ya saa, dari langu likapewa wati 227,000 kwa kila mita ya mraba. Jua la saa sita lisilo na wingu linamwaga kama wati 1,000 hapo hapo. Kwa hiyo kwa mujibu wa simu, juu ya kitanda changu palikuwa na majua 227. Joto ni kali Tabata, lakini tusizushe.

Nikaizima simu, nikachukua kalamu. Kwenye boksi la AC ya jirani niliwahi kuona imeandikwa BTU moja kwa saa ni wati 0.293. Nikazidisha 20 kwa 0.293, nikapata 5.86. Chumba ni futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kwa mita hizo ni eneo la 13.4 hivi. 5.86 mara 13.4, wati 78.

Wati sabini na nane! Nilicheka peke yangu. Ile balbu ya zamani ya duara tuliyokuwa tunasomea ilikuwa 75. Yaani dari zima, bati zima, mwezi wa pili mzima, havizidi balbu moja na njiti ya kiberiti. Usiku mezani nikatangaza: hakuna haja ya kuweka blanketi za kuzuia joto darini, AC tutanunua ndogo kuliko zote, pesa itakayobaki itakwenda kwenye tairi. Mama watoto akanitazama, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu, akasema, “Balbu moja ndiyo inanifanya hivi?” Nikamwambia sayansi haiangalii sura ya mtu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Hakusema kitu mezani, ana adabu. Kesho yake nikakuta karatasi yangu ya hesabu imewekwa chini ya kikombe changu cha chai, na pembeni pameandikwa kwa penseli, “Baba, samahani, futi iko wapi?”

Nikamwita. “Futi gani?”

“Ile ya ‘kwa futi ya mraba’, baba. Umegeuza BTU kuwa wati, ukaiacha futi humohumo, halafu ukazidisha kwa mita.”

Na kweli. 5.86 zangu zilikuwa wati kwa kila futi ya mraba. Mimi nikazitendea kana kwamba ni kwa mita. Futi ya mraba ni kijikaratasi. Mita moja ya mraba inameza futi za mraba 10.76. Kila mita ya dari ilikuwa inamwaga mara kumi na zaidi ya nilivyomtangazia mama watoto. Binti akanionesha namba moja inayofanya kazi yote kwa pigo moja: zidisha kwa 3.15. Ishirini mara 3.15, wati 63 kwa mita ya mraba. Mara 13.4, wati 844.

“Wati ngapi?” nikauliza, kwa kuwa sikutaka kuelewa.

“Mia nane arobaini na nne, baba.”

Hapo nikafanya kosa la kumuuliza wati 844 ni kama kitu gani. Watoto wa siku hizi wana majibu. Akasema mtu mzima aliyekaa tu, hafanyi kazi yoyote, mwili wake unatoa joto la wati mia moja na kidogo, kama wati 58 kwa kila mita ya mraba ya ngozi yake. Kwa hiyo mmiminiko wa dari letu unaushinda kidogo ule wa ngozi ya mtu, na kwa jumla yake dari letu ni watu wanane.

Kabla hajamaliza, mama yake alikuwa ameshasimama mlangoni. “Kwa hiyo kila alasiri tuna wageni wanane chumbani kwetu, na wewe uliniambia balbu?”

Tangu siku hiyo nyumba nzima imeacha kusema joto. Ikifika saa nane, wanasema wageni wameingia. Mtoto wetu mdogo akitoka chumbani anaulizwa, “Wangapi leo?” Mawingu yakitanda, watano. Siku moja jua lilikuwa kali la utosi, maana Dar jua linapita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena mwezi wa kumi, mtoto akatoka akasema kumi na mmoja, na mmoja amebeba kuku.

Nikaona nirudi kwenye habari ya blanketi za dari kabla heshima haijaisha yote. Shemeji alinipa kipimo cha kutafuta: “R kumi na tatu.” R ni ukaidi wa kitu dhidi ya joto, kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopita kwa shida. Nikaenda kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani. Duka la kwanza wanazo, lakini zimeandikwa 2.3. Nikakataa, nikamwambia muuzaji mimi sitaki kitu dhaifu, nataka 13. Duka la pili, 2.3. La tatu, yule bwana alikuwa na robota moja lililotoka Marekani, limeandikwa R-13, kumbukumbu ya kontena la mtu, na bei yake nayo ilikuwa ya Marekani. “Hii ndiyo yenyewe, mzee. Kumi na tatu! Zile za mbili nukta tatu za wenye vibanda.”

Nikampigia binti. Kimya kidogo, nasikia karatasi. “Baba, 13 ya mjomba gawanya kwa 5.68.”

Kumi na tatu gawanya kwa 5.68 ni 2.29. Kitu kilekile. Nikamuuliza kwa nini safari hii si 3.15 tuliyokariri juzi. Akasema kwa sababu R ina futi, ina saa, ina BTU, na juu yake ina digrii, na digrii ya Fahrenheit ni ndogo kuliko yetu, inabidi uzidishe tena kwa 1.8, ukizidisha 3.15 kwa 1.8 unapata kama 5.68. Nilisimama katikati ya Gerezani, mkokoteni unanipigia kelele nipishe, nikaona maisha yangu yote nimeishi kwa kusoma namba za mbele, na wanaonila wanakaa nyuma kwenye “kwa”. Kwa saa, kwa futi, kwa digrii. Hata baiskeli ya kukodi tulipokuwa watoto mambo yalikuwa hayo hayo: bei uliijua, ila mwenye baiskeli hakusema ni kwa nusu saa.

Nikanunua za 2.3. Bwana wa 13 akanisikitikia hadi nimepotea machoni pake.

Tulikisia hewa ya juu ya dari kuwa digrii 55 mchana, chumbani tunataka 25. Tofauti 30, gawanya kwa 2.3, wati 13 kwa mita ya mraba, mara 13.4, kama wati 175. Wageni wanane wakabaki mmoja na mtoto wake mgongoni. Huyo nikasema tutamvumilia.

AC yenyewe nilirudi kwa kijana wa dukani nikiwa na karatasi nne za hesabu. Kuta nilizihesabu, dirisha la magharibi nililihesabu, mimi na mama watoto tulijihesabu kwa joto letu, hata televisheni. Nikamwekea mezani. Akazitazama kwa adabu, akamwita fundi aliyekuwa amekaa nyuma anakula mihogo. Fundi hakugusa karatasi hata moja. Akaniuliza, “Bosi, chumba futi ngapi?”

“Kumi na mbili kwa kumi na mbili.”

“Basi weka elfu kumi na mbili.”

Namna hiyo tu. Futi 12, elfu 12. Nikamuuliza kama chumba kingekuwa futi tisa, akasema elfu tisa, bosi, hiyo ni hesabu ya darasa la pili. Nikageuza karatasi ya nne kuangalia jibu langu la siku tatu, lililokuwa na mistari miwili chini yake. Lilikuwa linaangukia elfu kumi na moja na ushei, na mashine za kumi na moja hazikuwepo pale dukani. Sikumwonesha.

Kilichokuwa kwenye boksi kilinimaliza nguvu. Kuna namba inayoonesha mashine inakula umeme vizuri au vibaya, na namba hiyo inapatikana kwa kuchukua joto inalolitoa na kugawanya kwa umeme inaoula. Vyote viwili ni nguvu, vingeweza kabisa kupimwa kwa wati. Hapana. Juu wameweka BTU kwa saa, chini wati. Mashine ya 12,000 inayokula wati 1,100 inapewa alama 10.9, na hiyo 10.9 ni ratili na Fahrenheit zimepanda mgongoni mwa wati. Ukitaka kujua kwa lugha moja, gawanya tena kwa 3.41, upate 3.2. Sikugawanya. Nilikuwa nimechoka, na fundi alikuwa ameshapandisha boksi kwenye bajaji.

Ijumaa jioni ikafungwa. Ikawashwa. Hewa ikashuka, mama watoto akafumba macho, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi nikaona kipaji cha uso wake kikavu. Mtoto mdogo akapewa rimoti aishike kidogo, kwa kuwa alilia. Jumamosi mama mkwe akafika, tukampokea, tukamwamkia, akala, akapelekwa chumbani apumzike. Hewa safi, pazia limefungwa, shuka jipya. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikingojea kusifiwa.

Akasimama kizingitini. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye kijidirisha cha AC, ambacho mtoto kwa vidole vyake alikuwa amekibadilisha lugha. Pameandikwa 77.

“Mwanangu,” akasema taratibu, huku anarudi nyuma na kujifunga khanga vizuri, “Lushoto kukiwa na ishirini na tano tunavua masweta. Hii sabini na saba mnataka kunifanya nini?”

Nikafungua mdomo kumweleza kwamba mbili hizo ni moja. Binti yangu, aliyekuwa amebeba mto, akanigusa mkono, akatikisa kichwa. Mama mkwe akalala sebuleni, chini ya feni, na dari la sebuleni hatujaliwekea blanketi.